Jinsi nilivyoondoa harufu mbaya kwenye pipa la mboji
Kwa wiki kadhaa pipa langu la mboji lilinuka kama mayai viza, na maganda ya jikoni yaligeuka tope jeusi. Nilinyunyiza majivu, kisha nikalisogeza pipa mbali na dirisha, jambo ambalo, nakiri, lilihamisha harufu tu. Hatimaye nilimwaga kila kitu, nikatoboa matundu kwenye kitako, nikaliinua pipa juu ya matofali, kisha nikarudisha mabaki kwa tabaka, kila ndoo ya maganda mabichi ikifunikwa kwa ndoo mbili au tatu za majani makavu. Matundu ya kitako ndiyo yaliyoleta tofauti, kwa kuwa maji yaliyotuama yalizuia hewa, na bakteria wasiohitaji oksijeni ndio waliotoa uvundo ule. Sasa nikikamua konzi ya mboji, hudondoka tone moja au mawili tu.