Nilivyopanga kijitabu cha hadithi za bibi kwenye Scribus, staili ndo zilizoniokoa

Naandika hii kwa sababu najua kuna mtu saa hizi ana maandishi yake kwenye Word anataka yawe kitabu, na kila akisogeza picha maandishi yanakimbilia ukurasa mwingine. Mi nimepitia hapo. Nilikuwa nimeandika hadithi 19 alizokuwa anatusimulia bibi, nikataka kijitabu cha A5 (nusu ya karatasi ya A4) cha kuwapa ndugu, na kwa kuwa sikuweza kulipia programu kila mwezi nikachukua Scribus, programu ya kupanga kurasa za vitabu, hiyo ni ya bure kabisa na inakubali Windows, Mac na Linux.

Rasimu ya kwanza niliifanya kwa mkono yote. Yani kila kichwa cha hadithi nakichagua, naweka fonti, naweka saizi, nakoleza, naenda kinachofuata, namba za kurasa natypu moja moja, na kila ukurasa una fremu yake (kisanduku cha maandishi) inayojitegemea, hadithi ikizidi nakata kipande nakipesti kwenye fremu inayofuata. Ilichukua wiki mbili na kwa macho ilipendeza. Nikaprinti nikampelekea mama asome, akaishika mbali na uso kidogo akasema, "Mwanangu, hizi herufi mimi sizioni." Zilikuwa pointi 9. Sasa kuzipeleka 11 maana yake kila fremu inafurika, kila kipande nilichokata kinahama, namba zote zinakosewa. Ilibidi nianze upya.

Safari hii nikajifunza staili kwanza, yani mpangilio wa fonti na saizi unaouhifadhi kwa jina, kabla ya kugusa kitu kingine, na ningeulizwa jambo moja tu la kumwambia anayeanza ningesema hilo. Kwenye Scribus unabonyeza F4, unatengeneza staili ya aya, unaipa jina. Mi nilitengeneza nne tu: kichwa, aya ya kwanza, aya ya kawaida na methali (bibi alikuwa anamalizia na methali, nikataka ziwe italiki). Halafu unayapa maandishi staili, huyagusi tena moja moja. Mama akisema bado ndogo, nabadilisha namba moja kwenye staili na kitabu kizima kinafuata. Kwenye InDesign na programu nyingine za kazi hii ni hivohivo, majina ya vitufe tu ndo yanatofautiana, na hata Word yenyewe inazo ila wengi hatuzitumii.

Kingine ni kuunganisha fremu. Unachagua fremu ya kwanza, unabonyeza N, unaklik fremu ya pili, basi maandishi yanatiririka yenyewe kutoka huku kwenda kule, ukiongeza sentensi mwanzoni huku mbele kunajipanga. Namba za kurasa nazo unaziweka mara moja kwenye ukurasa mama, ule unaotawala kurasa zingine, pale utaona alama ya # tu usiogope, kwenye kurasa zenyewe inageuka namba sahihi.

Halafu kuna hili la Kiswahili ambalo sikuliona likizungumzwa popote. Programu ilikuwa imewekwa lugha ya Kiingereza, nikawasha ukataji wa maneno mwisho wa mstari, ikawa inakata wanafun-zi wakati silabi zetu nyingi zinaishia na irabu, ilitakiwa wanafu-nzi. Nikauzima kabisa. Ila ukiuzima na maandishi umeyanyoosha pande zote mbili unapata mianya mikubwa katikati ya maneno, maana maneno yetu ni marefu, fikiria hawakuniambia na walipomkaribia kwenye mstari mmoja mwembamba wa A5. Kwa hiyo nikanyoosha kushoto tu, kulia nikauacha ukingo uende unavyokwenda. Wapo watakaosema vitabu haviko hivo, mi naona inasomeka vizuri zaidi na mama alisoma bila kusimama.

Kwenye uchapaji ndo nilijifunza mengine. Kitabu cha kukunja na kupiga pini katikati lazima kurasa zigawanyike kwa 4, kwa sababu karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Changu kilikuwa na 46. Nikaongeza mbili, moja nikaweka picha ya bibi, nyingine mistari mitupu ili ndugu waandike hadithi wanazozikumbuka wao. Picha au rangi inayofika mpaka ukingoni inatakiwa izidi nje milimita 3 kila upande, kisu cha kukatia karatasi kikiteleza kidogo usibaki mstari mweupe. Na pambizo ya ndani iachie nafasi, maneno yasimezwe na mkunjo.

Picha ya bibi ilinisumbua sana. Niliyokuwa nayo ilitumwa kwa WhatsApp, kwenye simu inang'aa lakini ilikuwa na pikseli 1200 kwa upana, na uchapaji mzuri unataka kama 300 kwa kila inchi, ukigawanya unapata inchi 4, sentimita 10 hivi. Upana wa A5 ni sentimita 14.8, ningeivuta ijaze ukurasa ingekuwa na ukungu. Nikamwomba binamu aliyekuwa na picha yenyewe ya karatasi aiskani upya na anitumie kama faili, isibanwe tena na WhatsApp ikapoteza ubora. Na usihamishe folda ya picha ukishaanza kazi, Scribus haizibebi ndani ya faili lake, inakumbuka tu zilipo, ukihamisha unakuta fremu tupu.

Faili la mwisho nikalitoa kama PDF na fonti zikiwa ndani yake, nikaprinti karatasi chache nyumbani kwa saizi halisi asilimia 100, nikazikunja nikazishika mkononi. Hapo ndo niliona namba za kurasa ziko karibu mno na ukingo, kitu ambacho kwenye skrini sikukiona hata siku moja. Nikazipandisha milimita 4 kwenye ukurasa mama, zikapanda zote 48, nikatuma.

Mama nakala yake anaiweka kando ya kitanda, pointi 12.