Kifudu darasani

Leo hapa Malindi tumesoma habari za Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewahamasisha watu wake dhidi ya Waingereza mwaka 1913, akiwakusanya kwa ngoma ya kifudu. Binti mmoja Mgiriama, ambaye siku zote husema kwa kunong'ona, akasimama mwenyewe kutuonyesha hatua alizofundishwa na nyanyake. Vumbi likatimka! Mtoto wa Kibajuni akashika mdundo kwa kupiga dawati, kisha akatuhadithia kirumbizi, ngoma ya fimbo ya kwao Lamu. Wakamba nao hawakukubali kupitwa.

Walimu wenzangu, tuwape watoto nafasi hii, nawasihi. Kipindi cha hesabu kilipoingia, yule binti ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza.