Namba moja ya 1964 na namba moja ya leo sio kitu kimoja

Kila msanii mkubwa akijaza ile chati ya nyimbo ya Marekani, Hot 100 ya jarida la muziki la Billboard, vita vinaanza mtandaoni, oh Drake kawazika Beatles, oh Taylor Swift kamaliza kazi, na mimi inaniuma kwa kweli maana watu wanalinganisha hesabu ambazo hazikuwahi kuhesabiwa kwa njia moja. Aprili 1964 Beatles walishika nafasi zote tano za juu. Mwishoni mwa 2022 Taylor Swift akashika zote kumi. Ni rekodi kubwa, sibishi. Ila enzi za Beatles wimbo ulipanda kwa redio kuupiga na kwa mtu kutoka kwake akaenda dukani kununua sahani ya wimbo ule, siku hizi albamu inatoka usiku, shabiki anabonyeza mara moja inatembea mpaka mwisho na kila wimbo unahesabiwa kivyake, hata ule wa kumi na mbili ambao mwezi ujao hamna anayeuimba.

Na kabla ya hapo kuna jambo ambalo wengi hawalijui kabisa. Miaka na miaka Billboard walikuwa wanapiga simu madukani kuuliza nini kinatoka sana. Muuzaji anawatajia, ya kwanza hii, ya pili hii, hata idadi ya nakala hatoi. Sasa we fikiria, muuzaji mwenyewe mpenzi wa rok, rapu haimwingii, kantri anaiona ya washamba, halafu asubuhi kapita jamaa wa lebo, yaani kampuni inayotoa muziki, kamwachia zawadi. Ataripoti nini huyo?

Tarehe 25 Mei 1991 ndo mambo yakageuka. Chati ya albamu ikaanza kutumia SoundScan, yaani mashine ya kaunta inasoma vile vimistari vyeusi kwenye kasha na kila nakala iliyouzwa inaingia kwenye hesabu. Mwezi uliofuata tu N.W.A, kundi la rapu, wakawa namba moja! Septemba Garth Brooks, mtu wa kantri, albamu yake ikaingia moja kwa moja namba moja, kitu ambacho kabla ya SoundScan kilitokea kwa albamu sita tu katika historia yote ya chati ile. Wanunuzi wa rapu na kantri walikuwepo siku zote, walikuwa wanatoa hela zao, ila hawakuwa wanaandikwa. Kwangu mimi ile wiki ya Mei ni kubwa kuliko rekodi yoyote mnayogombania.

Hot 100 nayo ikafuata Novemba mwaka huohuo, lakini ikabaki na sheria moja mbaya, wimbo usiouzwa kama singo, yaani peke yake nje ya albamu, hauingii. Don't Speak ya bendi ya No Doubt ilikaa wiki 16 juu ya chati ya redio na kwenye Hot 100 haikuonekana hata siku moja, mpaka Desemba 1998 ndo sheria ikaondolewa. Februari 2013 wakaingiza YouTube, na wiki hiyohiyo Harlem Shake ya Baauer ikatua namba moja, maana kila video ya watu wanaojirusha na ule wimbo ilihesabiwa.

Tangu 2018 anayelipia kustrimu, yaani kusikiliza mtandaoni, anahesabiwa zaidi ya anayesikiliza bure. Hii siipendi, msikilizaji ni msikilizaji, asiye na kadi ya benki naye ana masikio. Na nyie mnaoamka alfajiri hapa Dar na Nairobi kustrimu ili "tumpeleke Hot 100", jamani, ile inahesabu Marekani peke yake. Ya dunia nzima ni Global 200, ilianza Septemba 2020, na huko bando lenu angalau linaingia kwenye hesabu.