Figo za Kidoti: miezi 14 ya dripu, mchuzi wa kuku na kosa la karafuu

Kidoti alikuwa paka jike mweupe mwenye doa moja jeusi juu ya pua, aliyezaliwa chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa hapa Ngamiani, Tanga, na kwa miaka 11 hakuwahi kuugua zaidi ya kuchanwa sikio katika ugomvi wa usiku. Kwa hiyo alipoanza kunywa maji kupita kiasi sikushtuka, nilidhani ni joto la mwezi wa pili. Alikuwa akimaliza kibakuli kizima kabla ya adhuhuri, kisha anaufuata mtungi wa shangazi uani na kuramba unyevu uliotokeza ubavuni mwake. Nilikuja kushtuka mwezi wa nne, siku nilipomnyanyua kutoka juu ya kitambaa cha mteja nikahisi kama nanyanyua kikapu kitupu.

Nilimtia kwenye kapu nikamvusha barabara hadi dukani, tukampima kwenye mizani ya unga. Tulipotoa uzito wa kapu, zilibaki kilo 3.1. Mwaka mmoja kabla, alipochanjwa kichaa cha mbwa, kadi yake iliandikwa kilo 4.2. Alikuwa amepoteza robo ya mwili wake, na mimi niliyelala naye chumba kimoja sikuona, kwa sababu manyoya huficha mifupa.

Daktari wa mifugo tunayemtegemea mtaani kwetu hushinda na ng'ombe wa maziwa, na paka kwake ni mgonjwa wa mara mojamoja. Hata hivyo, jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kuinama na kumnusa Kidoti kinywa, na la pili kunionyesha vidonda vidogo vyeupe kwenye kingo za ulimi. Harufu ile ya mkojo kinywani, alisema, ni uchafu wa damu ambao figo zimeshindwa kuuchuja. Alichukua damu, akanituma niipeleke maabara ya watu, kwa kuwa kreatinini ya paka, yaani uchafu wa damu unaopimwa ili kujua figo zinachuja kiasi gani, hupimwa kwa namna ileile inayopimwa ya binadamu. Jibu lilirudi jioni: mikromoli 318 kwa lita. Wataalamu wa kimataifa wa figo za mbwa na paka, wanaojulikana kwa kifupi IRIS, wameugawa ugonjwa huu katika hatua nne, na kwa paka kiwango cha kuanzia 251 hadi 440 ni hatua ya tatu.

Maelezo yaliyofuata niliyapokea vibaya. Daktari alisema kwamba kreatinini hupanda pale ambapo takriban robo tatu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea, na kwamba kilichopotea hakirudi. "Hatutibu figo zilizokufa, dada," alisema, "tunazipunguzia mzigo hizi zilizobaki." Nilitoka pale na sindano ya kuzuia kutapika, siku mbili za dripu za kuendea kliniki, na hasira ya mtu aliyelipa pesa akaambiwa hakuna kupona. Hasira hiyo ndiyo iliyonifanya nimsikilize shangazi.

Shangazi yangu, ambaye ndiye aliyenilea, amekulia Pemba na hana ugonjwa asioujua mti wake. Simdharau kwa hilo hata leo. Nimenyweshwa majani yake tangu utotoni nami ni mzima. Alipoona vile vidonda vya ulimi aliingia chumbani akatoka na kichupa cha mafuta ya karafuu. "Mwanangu, jino likikuuma si ninakupaka hii? Na hiki nacho si kinywa?" Niliona ana hoja. Nilichovya pamba nikampaka Kidoti kwenye fizi, usiku wa kwanza na usiku wa pili, huku akijipinda na kunipiga makucha, na nikayachukulia makucha yale kuwa dalili kwamba nguvu zinarudi.

Asubuhi ya tatu nilimkuta nyuma ya gunia la mkaa. Mate yalikuwa yakimtoka kama uzi, miguu ya nyuma haikumbeba, na viganja vyake vilikuwa baridi. Nilikimbilia kliniki. Daktari aliuliza kama kuna kitu kingine chochote alichopewa, nami nikajibu kwamba hakuna, kwa sababu nilimwonea shangazi aibu na nilijionea mwenyewe aibu kubwa zaidi. Aliinama tena akamnusa.

"Dada, kinywa hiki kinanuka pilau."

Nilisema yote. Hakunifokea, na ingekuwa afadhali angefoka. Alinieleza kwamba ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya ambacho kwetu sisi hufungasha kemikali za jamii ya fenoli ili zitolewe mwilini, na kwamba yujenoli, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu, ni mojawapo ya kemikali hizo. Kwa mtu ni dawa ya jino, ilhali kwa paka inabaki mwilini na kumdhuru. Kwa sababu iyo hiyo nusu kidonge cha parasetamoli, ambacho nakiri nilikuwa nimekwisha kukikata na kukiweka tayari kwenye kisahani, kingeweza kumuua kwa kuziharibu chembe nyekundu za damu zisiweze kubeba hewa. Kidoti alibaki kwenye dripu siku tatu. Kreatinini ilifika 410 kwa kuwa hakuwa amekula wala kunywa, kisha ikaanza kushuka.

Siku ya kumchukua, daktari alisema nije na shangazi. Nilitegemea ugomvi. Badala yake alimvutia kiti, akamwamkia, akamwambia, "Mama, nieleze vyote unavyompa, hata vile unavyodhani nitacheka." Shangazi alisimulia kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akisimulia mbele ya mgeni, na daktari akaandika. Kitunguu swaumu alikikataa kabisa, pamoja na kitunguu maji katika mchuzi, kwa sababu navyo huvunja chembe nyekundu, na mgonjwa wa figo tayari hana damu ya kutosha, maana figo ndizo zinazotoa homoni ya kuamrisha damu mpya itengenezwe. Mwarobaini wa kunywesha aliukataa. Moshi wa ubani na udi aliomba ufukizwe chumba kingine. Lakini aliposikia habari ya maganda ya mayai, alisimamisha kalamu.

Shangazi alikuwa na desturi ya kuchemsha maganda ya mayai, kuyaanika, kuyasaga yawe unga na kuwapa kuku. Daktari alieleza kwamba unga ule ni kalsiamu kaboneti, na ukichanganywa na chakula hunasa fosforasi, madini ya chakula ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa, tumboni kabla haijaingia kwenye damu, jambo ambalo figo dhaifu hulihitaji mno. Dawa ya kiwandani ya kazi hiyo hatukuipata Tanga wakati ule. Akatupimia kipimo: ncha ya kisu asubuhi na ncha ya kisu jioni, isizidi nusu gramu kwa siku, ndani ya chakula na si nje yake, na kalsiamu ya damu ipimwe kila tukipima kreatinini, kwani ikizidi nayo huumiza figo zilezile. Sijawahi kumwona shangazi akitembea kwa madaha kama alivyotembea kutoka kliniki siku ile.

Tangu hapo tulifungua daftari. Kila kilichoingia kinywani mwa Kidoti au kupakwa mwilini mwake kiliandikwa, kiwe cha duka la dawa au cha uani, na daktari aliliona daftari kila baada ya wiki mbili. Mtu akiniuliza ni nini kilichomwongezea paka wangu siku, nitataja daftari kabla ya dripu.

Chakula kilitusumbua zaidi. Kidoti alikuwa amelelewa kwa vichwa vya samaki, dagaa wa chumvi na ugali, na mifupa ya samaki imejaa fosforasi. Tulihamia kwenye paja la kuku pamoja na ngozi yake, ute mweupe wa yai na wali kidogo, kwa sababu mafuta humpa nguvu bila kumwongezea uchafu mwingi wa kuchuja. Mchuzi wa kuku haukumwagwa: paka hawezi kujitengenezea taurini, kirutubisho anachokipata katika nyama, ya kutosha, na taurini ya nyama hukimbilia kwenye maji ya kuchemshia. Wiki ya kwanza aligoma. Shangazi ndiye aliyemshawishi, kwa kuipasha nyama joto la mkono na kumlisha kwa kidole, punje kwa punje, huku akimsimanga kwa majina ya wake wenza waliokufa zamani. Choo kilipokuwa kigumu, kama kinavyokuwa mwili ukikauka, kijiko kimoja cha boga lililochemshwa na kusuguliwa tumbo taratibu kulitosha.

Dripu ya nyumbani niliiogopa kuliko vyote, na baada ya wiki mbili niliweza kuiweka huku redio inasoma habari. Ni chupa ya Ringer, yaani maji ya dripu yenye chumvichumvi, ya mililita 500, iliyoning'inizwa kwenye nondo ya dirisha kwa ndoano ya kutundikia nguo za wateja. Kwanza nililaza chupa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kwani maji baridi chini ya ngozi humfanya paka aruke. Kisha nilimkalisha Kidoti ndani ya kapu lake, nikaivuta ngozi katikati ya mabega ikasimama kama hema, nikaingiza sindano mpya chini ya hema hilo, sambamba na mgongo. Mililita 100 zilishuka kwa dakika chache, zikajikusanya begani kama nundu ya ngamia, na kufikia asubuhi nundu ilikuwa imeshuka hadi kwenye mguu wa mbele na kunywewa na mwili. Tulianza kwa kuruka siku moja moja, na mwishoni ikawa kila siku. Mara moja sindano ilitokeza upande wa pili wa ngozi na nikamwagilia suruali ya mteja. Niliifua, nikaipiga pasi, na mwenyewe hajui hadi leo.

Wiki ya sita kreatinini ilikuwa 268 na uzito kilo 3.4. Kwa karibu mwaka mzima namba hazikucheza sana, na Kidoti alirudi kulala juu ya vitambaa na kuwafukuza mijusi, ingawa hakuwakamata tena. Siwezi kusema ni kiasi gani kilitokana na dripu na kiasi gani na mchuzi au kidole cha shangazi.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata alianza tena kutapika, na kipimo kikasoma 590. Sindano ya kichefuchefu ilimtuliza siku mbili, kisha haikumtuliza. Daktari alikuja nyumbani na kutueleza kuhusu sindano ya kumpumzisha, kwamba ni dawa ya usingizi kwa kiasi kikubwa, na kwamba hatatushinikiza. Shangazi alikataa: "Aliyempa roho ndiye atakayeichukua." Nilimheshimu kwa siku tisa. Katika siku hizo tuliacha kumchukua damu na kumlazimisha kula. Tulimwachia joto, kanga laini, mtungi wenye maji baridi na usiku mmoja mmoja wa dua, na kwa siku sita hivi ilitosha. Siku ya saba hakuweza tena kugeuka mwenyewe. Siku ya tisa, katika daftari, niliandika: "Saa 11 alfajiri. Maji: hapana. Mchuzi: ulimi mara mbili." Nikampigia daktari.

Alifika mapema kabla sijafungua kazi. Nilimshika Kidoti juu ya meza ya kukatia, palepale alipopapenda, na haikuchukua muda. Shangazi hakutoka jikoni. Nilimsikia akikuna nazi ambayo siku ile hatukuwa na kazi nayo.