Starlet ya baba na kile kidude cha themostati

Toyota Starlet niliyoachiwa na baba ni ile EP82, injini ya 4E-FE, cc 1331. Mwezi wa tatu ilianza kunywa mafuta kupita kiasi. Mbagala hadi Posta na kurudi, mshale unashuka utadhani tangi limetoboka.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, akanirudishia gari na tatizo lake. Wa pili ndiye aliyefungua paipu ya rejeta na kukuta themostati haipo. Kuna mtu aliitoa zamani. Ukiuliza, mafundi wengi watakwambia, "Dada, nchi hii ina joto, themostati ya nini?" Hapo ndipo ninapobishana nao. Themostati huzuia maji yasiende kwenye rejeta hadi yafike karibu nyuzi 80. Bila hiyo injini inachelewa kupata joto, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inazidi kumwaga petroli. Na injini inachakaa mapema.

Nilinunua mpya kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar, kwa elfu 25, na gasketi yake, na kulanti (maji maalumu ya rejeta) badala ya maji ya bomba. Mafuta yakatulia.

Baada ya hapo nikatamani kuiinua gari kidogo kwa ajili ya mashimo ya mtaani kwetu. Nimeweka matairi makubwa kidogo, ya 175/70 R13 badala ya 165/70. Inapanda milimita 7 tu, lakini kwenye lile tuta la msikitini haigusi tena chini.