Dua Hufuata Klipu

Ijumaa, usiku.

Siku hizi khatibu hana habari ya kupasha. Akipanda mimbari Eastleigh au South C, hapa Nairobi, na kuitaja Gaza, waliokaa mbele yake wameshaiona klipu tangu Alhamisi: kundi la familia, kundi la madrasa, kundi la mtaa. Kilichobaki ni dua, na kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, ambao ndio wengi huku, njia ipo wazi. Balaa likiwashukia Waislamu popote, qunuti, dua isomwayo kwa kusimama ndani ya swala, haiishii subuhi. Husomwa katika swala zote tano, baada ya kuinuka kutoka rukuu ya rakaa ya mwisho. Kinachonikosesha raha ni swali la nani huamua balaa lipi liingie kwenye qunuti. Nikitazama vizuri, mara nyingi ni simu.

Chukua Rafah, mji wa kusini mwa Gaza. Mei 2024, baada ya shambulizi lililoteketeza mahema ya waliohamishwa, ile picha ya “macho yote Rafah” ilisambazwa Instagram zaidi ya mara milioni 40. Ilikuwa kazi ya akili mnemba: mahema yamepangwa safu kwa safu, na kwa mbali milima yenye theluji. Rafah haina milima hiyo. Nadhani ilienea hasa kwa kuwa haikuwa na damu wala maiti, na kuiweka kulihitaji kugusa kioo tu.

Sasa Sudan. Vita vilianza 15 Aprili 2023, miezi kadhaa kabla ya vile vya Gaza. El Fasher, mji wa Darfur, ilizingirwa tangu Mei 2024 hadi RSF, wanamgambo wanaopigana na jeshi la Sudan, walipoiteka Oktoba 2025. Anayeua anapiga takbira, anayeuawa anatoa shahada. Mtu akiletewa klipu ya namna hiyo hajui amlaani nani, basi anaipita. Tena Februari 2024 intaneti ilizimika karibu nchi nzima, hata klipu zenyewe zikaadimika. Wala tusisingizie umbali: Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana KICC, jumba la mikutano la Nairobi, kupanga serikali yao, mahali unapofika kwa miguu ukitoka Msikiti wa Jamia.

(Wakatoliki nao wana la kutufunza. Papa Francis alikuwa akiipigia simu parokia ya Familia Takatifu ya Gaza karibu kila jioni mpaka alipofariki Aprili 2025. Hakungoja picha; aliuliza wamekula nini.)

Kwa viongozi wa misikiti na wasimamizi wa makundi, kazi ya kukagua klipu si ngumu. WhatsApp ikionyesha mishale miwili, ujue ujumbe umepita mikono mingi, na utaruhusiwa kuupeleka kundi moja moja tu. Usitafute tarehe ndani ya faili, maana WhatsApp hufuta taarifa hizo. Simamisha video penye kibao cha duka, namba ya gari au mnara wa msikiti, piga picha ya skrini, kisha itafute kwa Google Lens, halafu Yandex, zote zikitafuta kwa picha. Fanya hivyo kwa vipande vitatu au vinne. Kimoja hakitoshi, kwa kuwa wanaoiba video hukata kingo ili kuondoa nembo ya mwenyewe. Mtafute pia anayejua Kiarabu asikilize lahaja, kwani Msudani hazungumzi kama Mpalestina. Oktoba 2023 vipande vya mchezo wa kompyuta uitwao Arma 3 vilizungushwa kama mapigano ya Gaza, na si kwa Waislamu peke yao.

Pesa ndiyo inayotaka macho zaidi. Klipu ikija na namba ya M-Pesa chini yake, angalia jina linalotokea kabla pesa haijatoka: ni la taasisi au la mtu? Uliza kama inachangwa zaka au sadaka. Zaka ina mafungu yake manane katika Sura ya Tawba, aya ya 60, ilhali jiko la umma humlisha kila anayekuja na bakuli. Kwa majiko nashauri sadaka. Majiko hayo Wasudani huyaita takaya, na michango mingi huyafikia kupitia Bankak, programu ya Benki ya Khartoum. Mpishi hupokea tarakimu kwenye simu, kisha humtafuta mfanyabiashara wa kumpa noti, naye hukata asilimia yake. Penye mzingiro noti huadimika na makato hupanda sana. Kwa hiyo usiulize zimetumwa ngapi. Uliza zimenunua magunia mangapi ya mtama. Mtandao ukikatika Bankak haifunguki, na hivyo ndivyo majiko mengi ya Khartoum yalivyofungwa mwanzoni mwa 2024. Mkusanyaji anayejua kazi hangoji mchango ujae ndipo atume. Hutuma kidogo kidogo, kwa akaunti zaidi ya moja, mtandao ungalipo.