Nilivyotengeneza chipu ya kulinda umeme wa setilaiti, na somo nililopata kwenye friji

Wadau, wengi mnaniuliza huku Ubelgiji nafanya kazi gani, nikijibu nachora chipu za umeme za setilaiti stori inaishia hapo, kwa hiyo leo nieleze ile moja iliyonitesa karibu miaka mitatu mpaka ikakubali.

Kwanza shida yenyewe. Setilaiti ndogo siku hizi zinabeba kompyuta za kawaida tu, chipu za aina ileile ya vifaa vya nyumbani, maana zile maalumu za anga za juu bei yake haishikiki. Sasa huko juu kuna ioni nzito, yaani atomi zenye chaji, zinapita kwa kasi ya ajabu, na ndani ya chipu ya kawaida transista zimebanana kiasi kwamba zinaunda njia ya siri kutoka chanya mpaka hasi ambayo hakuna aliyeichora. Ioni moja ikigonga pale njia inafunguka na haijifungi tena, mkondo unapanda, chipu inachemka, na dawa ni moja tu, kata umeme kabla haijaungua halafu washa upya. Na hakuna fundi wa kupanda huko kwenda kubadilisha fyuzi. Kazi ya chipu yangu ndo hiyo, kukaa mlangoni kwenye laini ya volti 5 na kukata mkondo ukizidi ampea 1.2.

Chipu yenyewe niliichora kwenye silikoni iliyokaa juu ya tabaka la oksidi, nanomita 180, pale ile njia ya siri haina pa kupita. Kiwandani tunachangia sahani moja ya silikoni na watu wengine, kila mtu na kipande chake, bei inashuka ila ukikosa ratiba yao unasubiri tena miezi. Mkondo naupima kwa rezista ya miliomu 50, yaani ampea 1.2 ikipita napata milivolti 60 tu, komparata, ile saketi inayolinganisha volti hiyo na kikomo, ikikosea milivolti 3 tayari umekosea asilimia 5. Hapo nilikaa wiki nyingi sana.

Toleo la kwanza lilikuwa linakata ndani ya maikrosekunde 10 na nililipenda kwa haraka yake. Nikaunganisha bodi ya kompyuta, nikawasha, ikakata. Nikawasha tena, ikakata tena, siku nzima hivyo hivyo, na kompyuta ilikuwa nzima kabisa. Jioni nikampigia kaka yangu, yeye ni fundi friji Temeke, nikamwelezea tu kupunguza mawazo, akaniambia "Dogo, friji ikiwaka si inavuta umeme mwingi kwanza, mpaka taa zinafifia? Sasa hiyo yako inakata hapo hapo, friji itawaka saa ngapi?" Nikanyamaza. Ile bodi ina kapasita, yaani vitunza chaji, za maikrofaradi 470, zikiwa tupu zinavuta kama zimeshoti, na mimi nilikuwa nimetengeneza kitu kisichojua tofauti ya kiu na ugonjwa.

Toleo la pili kwa hiyo halikati haraka. Linaubana mkondo usivuke ampea 1.2, linahesabu milisekunde 4, mkondo ukiwa bado umegota pale pale ndo linakata. Kapasita zile kwa ampea 1.2 zinajaa kama milisekunde 2, kwa hiyo zinapita salama, na chipu mgonjwa kwa huo muda mfupi mkondo ukiwa umebanwa haiungui. Mezani ikafanya kazi vizuri, nikafurahi kweli.

Tukaipeleka kwenye saikrotroni ya Louvain-la-Neuve hapa Ubelgiji, mashine inayorusha ioni kwa kasi kama zile za angani, pale unaondoa kifuniko cha chipu kabisa kwa sababu ioni haziingii ndani sana, unaiweka kwenye chemba isiyo na hewa, na muda wa miale unalipia kwa saa. Kwa ioni za argoni chipu ikafaulu vizuri. Kriptoni, ambazo ni nzito zaidi, zilipoanza, chipu ikazima laini wakati mkondo uko chini kabisa. Dakika chache mbele, tena. Mimi nilikuwa nimeandika kwenye kodi, yale maandishi ya programu yanayoeleza saketi, kwamba ile biti ya "zima" na kihesabuji viwe vitatu vitatu, vipige kura, ioni ikigeuza kimoja wawili wanamshinda. Kumbe programu inayogeuza kodi kuwa saketi iliona vitu vitatu vinafanana ikaona ni ziada, ikabakiza kimoja! Nilifungua faili ya saketi usiku ule hotelini nikahesabu kwa kidole, kweli kimoja. Kosa langu, ningehesabu kabla ya kutuma kiwandani.

Toleo la tatu zile nakala tatu tatu niliziwekea alama zisiguswe, nikazihesabu, halafu nikazitawanya mbalimbali kwenye mchoro ili ioni moja isipige mbili kwa mkupuo. Tukarudi palepale tukaweka zenoni, LET 62.5 (kipimo cha nishati ambayo ioni inaiacha ikipita ndani ya chipu), ioni milioni 10 kwa kila sentimita ya mraba, nimekodoa macho kwenye skrini muda wote. Haikuzima hata mara moja. Halafu tukaweka nje yake chipu ya kawaida tunayojua inaugua, ikaugua, yangu ikabana, ikakata, ikawasha, ile kompyuta ikaamka.

Iliyobaki ni komparata. Baada ya kupigwa miale ya kobalti 60 mpaka kiloradi 50 (kipimo cha dozi ya mionzi), kizingiti cha kukata kimehama kutoka ampea 1.2 hadi 1.26, zile milivolti 3 zangu zimerudi, na ndo komparata hiyo ninayoichora upya wiki hii.